Nimeacha sigara siku sita, kikohozi kikazidi. Je, nimejiumiza?

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa lori, naishi Tanga, nina miaka 45. Nilianza kuvuta sigara nikiwa na miaka 17, na sasa navuta kama 15 kwa siku, safarini huzidi hapo. Mwanangu wa mwisho alipolazwa kwa pumu nikaamua kuacha. Siku ya tatu usingizi ukaruka, nyumbani nikawa mkali bila sababu. Siku ya sita kikohozi kikanibana kuliko nilipokuwa navuta, asubuhi natoa makohozi ya kahawia. Wenzangu kijiweni wakaniambia mwili ulishazoea, ukiunyima ghafla unaumwa. Nikavuta mbili, na kweli kikohozi kikatulia.

Sasa nauliza: miaka 28 si madhara yameshaingia? Nikiacha leo nitapata faida gani? Na nikipunguza hadi tatu kwa siku haitoshi? Baba yangu mkubwa alivuta mpaka anafariki akiwa na miaka 83, na huu moshi wa malori tunaoumeza barabarani naona ni mwingi kuliko wa sigara. Ramadhani nafunga bila shida, ila nikishafuturu tu naitafuta. Nisaidie.

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Mtoto anaendeleaje? Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonigusa ni zile siku sita. Umeziandika kama mtu anayekiri kosa. Mimi, daktari wa magonjwa ya kifua, nazisoma kama kazi nzuri iliyokatizwa njiani. Nitaanza na kikohozi, maana ndicho kilichokurudisha, na nisipokieleza vizuri kitakurudisha tena.

Mirija ya hewa ndani ya mapafu imetandikwa vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana bila hadubini. Juu yake kuna ute mwembamba unaonasa vumbi, masizi na vijidudu. Vinyweleo hivyo havipumziki. Usiku na mchana vinapiga kasia kwa pamoja kuelekea juu, vinausukuma ute ule hadi kooni, nawe unaumeza bila hata kujua. Ndivyo mapafu yanavyofagiwa. Moshi wa sigara huvipooza vinyweleo hivi, na kwa aliyevuta miaka mingi vingine huwa vimeshakufa, huku tezi za ute zikizidi kumwaga ute mzito. Uchafu unabaki chini. Kikohozi cha alfajiri ambacho kila mvutaji anakijua ni kifua kikijaribu kutoa kwa nguvu kile ambacho vinyweleo vingekipandisha taratibu usiku kucha.

Ulipoacha, vinyweleo vilianza kuamka. Vikaanza kupandisha shehena iliyolala humo muda mrefu, na njia ya kutokea ni moja tu, kooni. Ndiyo maana ukakohoa zaidi, na ndiyo maana makohozi yakawa na rangi ile. Ulipovuta zile mbili ukavilaza tena, ufagio ukasimama, kikohozi kikatulia. Wewe ni mtu wa magari, utanielewa: taa ya oili imewaka kwenye dashibodi, mtu akakata waya wa taa, taa ikazimika, akaendelea na safari akidhani injini imepona. Utulivu ulioupata siku ile ulikuwa wa namna hiyo.

Si kila anayeacha anakohoa hivi. Anayekohoa, kwa kawaida kikohozi huanza kulegea baada ya wiki chache, na pumzi huendelea kuwa nyepesi kwa miezi kadhaa inayofuata. Kunywa maji ya kutosha, ute ulainike. Maziwa, ambayo najua kijiweni watakuambia yanasafisha mapafu, ni chakula kizuri na uyanywe ukiyapenda, lakini yanakwenda tumboni. Hayafiki kwenye mapafu, na hakuna kinywaji kinachoyaosha. Usafi unafanywa na vinyweleo vyenyewe, na vinachohitaji kutoka kwako ni kuachwa vifanye kazi.

Hata hivyo kuna jambo moja sitaki uliruke. Nimekueleza kikohozi kwa maneno nikiwa sijakusikiliza kifua. Wewe ni mvutaji, ni dereva wa safari ndefu, na unaishi Tanzania, ambayo imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani. Kuvuta sigara huongeza hatari ya kupata kifua kikuu takriban maradufu, kwa sababu moshi unadhoofisha walinzi wa mapafu ambao wangekiua kijidudu kabla hakijaota mizizi. Kama umekohoa wiki mbili au zaidi, iwe unavuta au umeacha, nenda kituo cha afya cha serikali utoe makohozi yapimwe. Kipimo cha kifua kikuu na dawa zake ni bure. Na ukiona damu kwenye makohozi, ukipungua uzito bila sababu, ukitoka jasho la kulowesha shuka usiku, au sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda hata kama kikohozi hakijafika wiki mbili, na usiruhusu mtu yeyote akuambie ni kikohozi cha kuacha sigara. Nimewaona wagonjwa waliochelewa kwa ajili ya sentensi hiyo moja.

Sasa swali lako kubwa, kwamba madhara yameshaingia. Yapo yaliyoingia na hayatatoka, sitakudanganya. Mwishoni mwa mirija ya hewa kuna vifuko vidogo ambamo hewa inakutana na damu, na vifuko vilivyokwisha kubomoka haviundwi upya. Lakini utazame mwendo wake. Kila mtu mzima, hata asiyewahi kugusa sigara, hupoteza uwezo wa mapafu kidogo kidogo kila mwaka. Wavutaji waliokwisha kuanza kuziba mirija ya hewa walifuatiliwa Marekani na Kanada kwa miaka 11: wanaume walioendelea kuvuta walipoteza zaidi ya mililita 60 za pumzi kwa mwaka, walioacha wakapoteza kama 30, yaani karibu sawa na watu wengine. Mililita 30 ni vijiko viwili vya chakula. Unaweza kuona ni kitu kidogo, lakini zidisha kwa miaka 20, kisha umfikirie mtu wa miaka 65 anayepumzika mara tatu kati ya kitanda na choo, na mwenzake wa umri huohuo anayekwenda sokoni kwa miguu. Tofauti yao mara nyingi ni vile vijiko viwili vya kila mwaka. Ukiacha leo hurudishiwi vilivyokwenda, ila unaacha kukatwa mara mbili.

Mengine yanarudi, na baadhi kwa haraka inayonishangaza hadi leo baada ya miaka yangu yote ya kazi hii. Unajua kwa nini tunawakataza watu kulala na jiko la mkaa chumbani milango ikiwa imefungwa. Hewa inayoua mle ni kaboni monoksaidi, ambayo hujishikiza kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu inazunguka imejaa mzigo usio na faida. Hewa hiyohiyo imo ndani ya moshi wa sigara. Mvutaji wa sigara 15 anatembea kutwa na jiko dogo kifuani. Sasa zima jiko: dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo yameanza kushuka, na ndani ya siku moja au mbili kaboni monoksaidi imetoka, damu imeanza kubeba oksijeni inavyotakiwa. Katika siku zako sita, hatua hii ulishaivuka. Ulikuwa na damu safi na hukujua, kwa kuwa ulikuwa unasikiliza kikohozi tu.

Moyo unafuata. Moshi huifanya damu igande upesi na kuta za mishipa ziwe na makovu, ndipo mtu wa miaka 48 anapoanguka ghafla, au anaamka upande mmoja wa mwili hausikii. Baada ya mwaka mmoja hivi bila sigara, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hupungua kwa kama nusu. Saratani inachukua muda mrefu zaidi: baada ya miaka 10 hatari ya saratani ya mapafu huwa karibu nusu ya ile ya aliyeendelea. Haifiki sifuri, lakini nusu ya saratani ni kitu ambacho hakuna dawa yoyote kabatini mwangu inayoweza kukupa.

Na kwa kuwa hukuuliza, nitakuambia lile ambalo wanaume wengi huniuliza mlango ukishafungwa. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwa hiyo mara nyingi ndiyo inayoanza kuziba. Mvutaji wa miaka 40 na kitu anayelalamika nguvu za kiume zimepungua, kabla sijamwandikia chochote namuuliza anavuta ngapi. Pesa zinazokwenda kwenye vumbi na mizizi ya kuongeza nguvu zingefaa kazi nyingine.

Umesema moshi wa malori ni mwingi kuliko wa sigara. Hujui, lakini umeingia kwenye hoja yenye historia. Mwishoni mwa miaka ya 1940 saratani ya mapafu ilikuwa inapanda kwa kasi Uingereza na hakuna aliyejua sababu. Daktari kijana, Richard Doll, alipewa kazi ya kuichunguza pamoja na Austin Bradford Hill, na dhana yake ya mwanzo ilikuwa kama yako: alishuku barabara, lami yake na moshi wa magari. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji. Wakawahoji wagonjwa katika hospitali za London, mmoja baada ya mwingine, kuhusu maisha yao, na majibu yakawa yanaelekea sigara. Kabla hawajamaliza kazi Doll akaacha kuvuta. Walichapisha matokeo mwaka 1950. Sisemi moshi wa dizeli hauna kosa; mwaka 2012 chombo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliuweka miongoni mwa visababishi vya saratani. Lakini ule wa barabarani unaupata ukiwa umechanganyika na hewa ya nchi nzima, na huu wa pili unauweka mdomoni na kuuvuta hadi chini, ukiwa na kemikali zaidi ya 7,000, takriban 70 kati yake zikiwa za kuleta saratani. Kwa mwaka ni sigara 5,475. Kazi yako imeshakupa moshi mmoja usioweza kuukwepa. Hiyo ndiyo sababu ya kuukataa huu mwingine.

Watafiti haohao ndio waliojibu swali lako la umri. Mwaka 1951 waliwaandikia madaktari wa Uingereza wakiwauliza kama wanavuta, kisha wakawafuatilia wanaume zaidi ya 34,000 kwa miaka 50, wakiandika nani amekufa na kwa nini. Waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijirudishia kama miaka 3. Aliyeacha na 50, kama miaka 6. Aliyeacha na 40, kama 9. Wewe una 45, uko katikati ya hao wawili wa mwisho. Kuchelewa umechelewa, ndiyo, ungenijia na miaka 30 ungekuwa umeokoa karibu yote. Lakini miaka 6, 7 ya kuwaona watoto wakioa si kitu cha kuachia kijiweni.

Baba mkubwa, Mungu amrehemu, alifika 83. Namwamini. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wake wasioacha, na hiyo maana yake wapo wasiouawa nayo. Yeye alikuwa miongoni mwao. Tatizo la mfano huu ni kwamba wale wengine hawapo kijiweni kukuhadithia. Jaribu kuwakumbuka wavutaji wa rika la baba mkubwa mtaani kwenu, taja majina yao kimya kimya, hesabu waliofika hata 70. Kisha ujiulize kama ungepanda basi ambalo abiria mmoja kwa kila wawili hafiki, kwa sababu mzee mmoja wa ukoo aliwahi kulipanda akafika salama.

Kupunguza hadi tatu: hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu hii ndiyo njia ambayo watu wenye nia nzuri wanapotelea. Kwa saratani, chache ni afadhali kuliko nyingi. Kwa moyo si hivyo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 ulikusanya tafiti nyingi ukaonyesha kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku ana karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo anayevuta 20. Moja. Damu haihitaji moshi mwingi ili ianze kuganda vibaya. Halafu kuna ujanja wa mwili wenyewe: mtu aliyezoea 15 akipewa tatu, anazivuta kwa nguvu, anashikilia moshi ndani, anaimaliza hadi karibu na kichungi. Anapata nikotini, kile kitu cha tumbaku kinachotia uraibu, nyingi kutoka kwenye chache, na tar, ile lami ya moshi, nyingi pamoja nayo. Na siku ya msiba au ya gari kuharibika porini, tatu zinarudi kuwa 15 kabla jua halijazama. Ukipenda kupunguza kwa wiki mbili ukielekea siku uliyoiandika ya kuacha kabisa, sawa. Kupunguza kama makazi ya kudumu, hapana. Wala usihamie shisha, maana maji yale hayachuji sumu na mkaa unaongeza kaboni monoksaidi. Wala ugoro, unaoleta saratani ya kinywa.

Kuhusu mtoto nitasema machache, najua linakuuma tayari. Kuvuta nje ya mlango kunasaidia kidogo, hakumalizi. Moshi unaingia dirishani, unabaki kwenye shati na nywele unazomkumbatia nazo, na mirija ya mtoto mwenye pumu inajikunja kwa kitu kidogo sana. Na yule utingo wako, anayekaa nawe kwenye kabini saa kumi vioo vikiwa juu, naye anavuta, hata kama hajawahi kununua hata moja.

Sasa tufike kwenye namna ya kuacha, na nianze na sentensi yako mwenyewe ambayo naona umeiandika kwa kupita tu. Ramadhani unafunga bila shida. Mdogo wangu, mwezi mzima unakaa saa 13 na zaidi kila siku bila sigara, kazini, juani, na huvunji. Hapo umeshajithibitishia mambo mawili ambayo wagonjwa wangu wengi hawaamini. La kwanza, hamu ya sigara huja na kuondoka. Haipandi bila mwisho hadi ikuue. Kila wimbi la hamu huchukua dakika chache, tatu, tano, kisha linashuka ukivuta au usivute. La pili, mwili wako unaweza. Mchana wa Ramadhani unaweza kwa sababu jambo limeshaamuliwa, hakuna mjadala kichwani. Futari ikifika uamuzi unafunguliwa, na hamu inaingia hapohapo. Kwa hiyo siku utakayoacha, usiache kwa "nijaribu nione". Weka nia kama unavyoiweka ya saumu, na usiwe na saa ya kufungua.

Uliporudia siku ya sita ulikuwa umebakiza kidogo. Nikotini huondoka mwilini ndani ya siku mbili tatu, na ndizo siku mbaya zaidi: ukali, kukosa umakini, usingizi kuvurugika. Baada ya hapo dalili zinaanza kulegea, na nyingi huisha ndani ya wiki mbili hadi nne. Wengi wanaojaribu kuacha bila msaada hurudia ndani ya siku nane za mwanzo. Ulikuwa mlimani karibu na kilele ukageuza gari. Na umakini huo unaopungua una maana ya pekee kwako: usianze kuacha siku ya kupandisha mzigo kwenda mbali. Tafuta siku tatu nne ambazo gari liko gereji au uko mapumziko.

Kuna jambo moja la usingizi ambalo hata baadhi ya wenzangu hospitalini hulisahau, nalo ni kahawa. Moshi wa sigara hulifanya ini lichome kafeini haraka kuliko kawaida, ndiyo maana mvutaji anakunywa vikombe vingi na analala. Ukiacha sigara, ini linarudi kwenye mwendo wake, na kikombe kilekile cha kahawa chungu pale kijiweni kinakaa mwilini muda mrefu zaidi na kukupiga kwa nguvu zaidi. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usiku macho makavu, na wewe unasema, hii ni sigara inanidai. Sehemu kubwa inaweza kuwa kahawa. Tangu siku ya kwanza, kunywa nusu ya ulichozoea, na baada ya alasiri usiguse kabisa. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya madereva, vivyo hivyo.

Sasa dawa. Watu wengi hudhani kuacha ni suala la uanaume tu, na anayeomba dawa ameshindwa. Si kweli hata kidogo. Kati ya watu 100 wanaoacha kwa nguvu zao wenyewe, wanaobaki bila sigara baada ya miezi sita hadi mwaka ni watatu hadi watano hivi. Wengine si walegevu: nikotini inafika ubongoni ndani ya sekunde chache tu baada ya kuvuta, na ubongo umefundishwa hivyo maelfu kwa maelfu ya mara. Bandiko la nikotini au bigijii yenye nikotini huongeza uwezekano wa kufaulu kwa kama nusu zaidi. Wavunaji wa tumbaku, kama wale wa Urambo, wanajua kwamba majani mabichi yenye umande humfanya mtu apate kizunguzungu na kutapika. Ni nikotini inapenya kwenye ngozi. Bandiko linatumia njia hiyohiyo, ila kwa kipimo kidogo, polepole, bila moshi. Linautuliza ubongo huku mapafu yakifagiwa. Kwa anayevuta zaidi ya 10 kwa siku kama wewe, kwa kawaida tunaanza na la miligramu 21, kisha tunashusha hatua kwa hatua kwa wiki 8 hadi 12.

Bigijii nayo ina namna yake, na wengi huitafuna kama pipi wakapata kwikwi na kiungulia wakaitupa. Itafune polepole mpaka uhisi inawasha mdomoni kama pilipili manga, kisha iegeshe kati ya fizi na shavu, uiache hapo. Muwasho ukiisha tafuna tena kidogo, egesha upande wa pili. Nusu saa hivi. Usiwe umekunywa kahawa au soda dakika 15 kabla, maana huzuia nikotini isipite. Kuna pia vidonge, bupropioni na vareniklini, vinavyoandikwa na daktari. Mwenye kifafa hapewi bupropioni. Shirika la Afya Duniani liliweka tiba za nikotini kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na vidonge hivyo viwili mwaka 2021. Kwetu hazipo kila duka la dawa, na bei si ya kila mfuko, hilo linaniumiza kwa sababu sigara yenyewe inauzwa moja moja kila kona. Ulizia katika maduka makubwa ya dawa mjini au hospitali ya rufaa ya mkoa. Chukua unachotumia kwa sigara 15 kwa siku, zidisha kwa 30, ulinganishe ukiwa na bei mkononi. Ukizikosa, usisubiri zipatikane. Umeshafika siku sita bila kitu chochote.

Kabini ioshe kabla ya siku yenyewe, sahani ya majivu iondoke, kiberiti cha gesi mpe mtu. Weka karanga, miwa iliyokatwakatwa, karafuu ya kutafuna, chochote cha kuupa mkono na mdomo kazi katika zile dakika tano. Kijiweni usiende wiki mbili za mwanzo. Waambie sababu, na mmoja anayekupenda mwombe asikupe hata ukimwomba. Mwambie mkeo kwamba siku ya pili na ya tatu utakuwa mkali na si kosa lake. Uzito unaweza kuongezeka, kwa wastani kilo 4 au 5 katika mwaka wa kwanza, na moyo wako utazibeba kwa urahisi kuliko unavyoubeba moshi. Ukiteleza ukavuta moja, ni moja. Usimalizie pakiti kwa hasira.

Nina mgonjwa mmoja, fundi uashi, alikuja kunisalimu miezi mitatu baada ya kuacha. Hakusema neno, aliweka mkono wa kulia juu ya meza yangu. Ukucha wa kidole cha shahada ulikuwa wa rangi mbili: nusu ya mbele kahawia kama chai ya rangi, nusu ya nyuma safi, yenye wekundu wa afya, na katikati mstari ulionyooka kama aliouchora kwa rula. Ukucha hukua kama milimita 3 kwa mwezi, na moshi haukuwa umegusa sehemu yoyote iliyoota tangu alipoacha. Aliniambia kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini anaupima mstari kwa futi yake ya kazini.

Tazama kidole chako sasa hivi, kile unachoshikia sigara. Wiki hii peleka makohozi, na majibu yakitoka niandikie, yawe yoyote. Kisha chagua tarehe. Mstari ukianza kuonekana, nitumie picha.